Nyumba Moja, Wanunuzi Watatu: Ushauri kwa Wanunuzi wa Malindi na Lamu

Kila msimu wa kaskazi unapoanza na wageni kujaa pwani, wateja hufika ofisini kwetu Malindi na swali moja: nyumba nimeipenda, dalali ananiambia wapo wengine wawili wanaoitaka, je, niongeze bei? Kabla ya kujibu, nasi huuliza iwapo hao wengine wapo kweli. Nyumba ya Casuarina au Maweni huweza kupita mikononi mwa madalali wanne bila hata mmoja wao kuwa na idhini ya maandishi kutoka kwa mwenyewe, na mnunuzi aliyeonyeshwa nyumba hiyo na madalali wawili akahesabiwa kuwa watu wawili. Huenda basi unashindana na kivuli chako. Omba kuonana na mwenye nyumba au wakili wake, umwulize waziwazi ni ofa ngapi zilizoandikwa zimemfikia na lini anakusudia kuamua. Muuzaji mkweli hukasirishwa mara chache na swali hilo.

Ikithibitika kwamba ushindani upo, ni vyema ukumbuke kwamba kwa sheria ya Kenya mapatano ya kuuza ardhi au nyumba hayawezi kudaiwa mahakamani mpaka yawe yameandikwa, yametiwa saini na pande zote mbili, na saini hizo zimeshuhudiwa. Ahadi ya mdomo uliyopewa barazani, hata mbele ya wazee, haimfungi muuzaji, na vivyo hivyo ile aliyopewa mwenzako. Kwa hiyo mashindano yenyewe ni ya nani atakayefika kwenye mkataba akiwa tayari, na hapo ndipo tumeona mara nyingi ofa ya pili au ya tatu kwa ukubwa ikishinda. Muuzaji mwenye mahitaji yake humpendelea mtu aliyekwisha kuwa na wakili, mwenye barua ya benki inayoonyesha kiasi atakachokopeshwa, na ambaye arubuni yake, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, inaweza kulipwa mara tu mkataba unaposainiwa. Barua yako ya ofa na iseme hayo yote: bei, arubuni, salio litalipwa vipi na lini, vitu gani vinabaki ndani ya nyumba (katika nyumba za kitalii hapa Malindi, fenicha, jenereta na matangi ya maji vimezua ugomvi mwingi), na tarehe ambayo ofa itakoma. Tarehe hiyo humzuia muuzaji kuitembeza barua yako mjini kama chambo.

Kiwango chako cha mwisho kiamue nyumbani, siyo kwenye simu na dalali. Nyumba ya shilingi 12,000,000 iliyo ndani ya mji hudai ushuru wa stempu wa asilimia 4, yaani shilingi 480,000, juu ya ada za wakili, mthamini na usajili. Anayekopa ana jambo jingine la kuogopa. Tuseme umesukumwa mpaka shilingi 13,000,000, na benki yako hukopesha asilimia 80. Ukatarajia kutoa 2,600,000 mfukoni mwako. Mthamini wa benki akiitathmini nyumba kwa 11,000,000, benki itakupa 8,800,000, nawe utatakiwa utafute 4,200,000. Wengi huvunjikia hapo, baada ya arubuni kwisha kulipwa.

Lililo baya zaidi katika haraka ya kumshinda mwenzako ni kuuruka upekuzi wa hati katika masjala ya ardhi, na pwani hii ndiyo sehemu ambayo upekuzi hauwezi kuachwa hata siku moja. Katika mitaa ya zamani ya Malindi, kama ilivyo kwingi katika mwambao, nyumba na kiwanja huweza kuwa na wenyewe tofauti: mmoja anamiliki kuta na paa, naye humlipa mwingine kodi ya ardhi. Rejista itakuonyesha jina la mwenye kiwanja peke yake. Nyumba kama hiyo inaweza kununuliwa, lakini kwa bei yake na kwa mkataba wake, si kwa bei ya nyumba yenye hati. Katika nyumba za ufukweni uliza imebaki miaka mingapi ya ukodishaji, kwa kuwa Katiba ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Na mwenye nyumba akiwa Italia, anayemwakilisha huku aonyeshe hati ya uwakala iliyosajiliwa. Vilevile, nyumba ya wanandoa haiuzwi bila idhini ya mwenzi, awe mke au mume, au ya wake.

Lamu ina mambo yake. Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni ni za mirathi, na anayekuonyesha chumba kwa chumba huenda ni mrithi mmoja kati ya tisa, dada zake wakiwa Mombasa na nduguye akiwa Oman. Maadamu mirathi haijathibitishwa mahakamani, nyumba hiyo haiwezi kuuzwa kihalali, hata ndugu wote wakiwa wamekubaliana kwa simu. Uliza pia, kwa heshima lakini bila haya, kama nyumba au sehemu yake iliwahi kuwekwa wakfu, kwa sababu mali ya wakfu si ya mtu kuuza. Kisha panda juu na fundi, mkaziangalie boriti, hasa vichwa vyake vinapoingia ukutani ambapo unyevu huanza kuzila, maana gharama ya kubadilisha dari za ghorofa mbili huweza kula tofauti yote uliyoshindania. Na kwa kuwa mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, usinunue ukidhani utavunja na kujenga upya upendavyo. Mabadiliko yanahitaji idhini.

Kwa wateja wetu Waislamu ipo pia adabu ya kutonunua juu ya ununuzi wa ndugu. Muuzaji akiwa bado anasikiliza ofa za wote, kushindana hakuna ubaya. Pande mbili zikishaafikiana, kumwendea muuzaji usiku na laki mbili za ziada ni jambo jingine. Tena muuzaji anayemwacha mwenzako kwa laki mbili atakuacha nawe kwa tatu.

Arubuni isipitie kwa dalali wala kwenye simu ya mtu yeyote. Na iingie katika akaunti ya wakili, ambaye ataishikilia kwa masharti yaliyoandikwa, na mkataba ukishasainiwa mwombe wakili wako aweke zuio kwenye rejista ili nyumba isiuziwe mwingine huku ukikamilisha salio. Ukishindwa, mwandikie muuzaji kwamba ofa yako bado ipo kwa muda fulani. Mikataba mingi hupewa siku 90 kukamilika, na si wote waliotaja bei kubwa huzimaliza wakiwa na fedha. Isitoshe, nyumba iliyogombaniwa Desemba huweza kukosa hata mtu wa kuichungulia mvua za Mei zinapofika.

Anayetaka tumwandikie barua ya ofa na tumfanyie upekuzi, aje ofisini na kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), nakala ya hati au namba ya kiwanja, na barua ya benki ikiwa anakopa. Kwa nyumba za Lamu, tunaomba pia majina ya warithi wote, pamoja na wale wanaosemekana hawana neno.