Kwako dada wa dirisha la dawa

Dada uliyekuwa zamu duka la dawa Jumamosi ile, jina lako sikuuliza. Nilikuja kutafuta dawa ya jino mara ya nne, magego mawili yameshang'olewa bure. Ukaniuliza maumivu yanakaa muda gani. Sekunde chache, nikasema, kama shoti ya umeme, shavu la kulia tu. Upepo wa dirisha la daladala ukinipiga, au mswaki ukigusa, yanalipuka. Ukasema jino bovu mara nyingi hupwita muda mrefu, usiku halikulazi. Hii yaweza kuwa neva ya trijemina, ile inayopeleka hisia za uso, kamwone daktari wa mishipa ya fahamu. Ukakataa kuniuzia vidonge (na hela nilishaitoa!). Nikapigwa MRI, picha ya ndani ya kichwa, nikaanzishiwa kabamazepini, dawa ya kutuliza neva. Jana nimenyoa ndevu shavu lote la kulia, bila shoti. Asante sana, dada yangu.