Barua ya wazi kwa wauguzi wanafunzi: "Ndiyo" ya mgonjwa asiyesikia

Wanangu mnaoanza zamu za wodini,

Nimestaafu, lakini kuna mzee mmoja hajanitoka moyoni. Alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni. Nilimfunga bandeji nikamwambia arudi tarehe sita. Akaitikia, "Ndiyo, mwanangu." Akaja tarehe tisa, kidonda kinanuka, nikamgombeza mbele ya foleni nzima. Mkewe akanivuta pembeni: "Sista, huyu mwaka wa tatu sasa hasikii vizuri. Anaona haya kusema."

Hebu zitamkeni, sita na tisa. Irabu ni zilezile. Kinachozitenganisha ni mahali pa s na t, na hizo ndizo sauti nyembamba ambazo sikio bovu aghalabu huzipoteza kwanza. Mzee alisikia kwamba nasema naye, alisikia hata kwamba nataja tarehe, ila neno lenyewe halikumfikia. Ndiyo maana wengine husema, "Nakusikia ila sikuelewi," nasi tunaandika kwenye faili kuwa mgonjwa ni mkaidi au amechanganyikiwa. Neno hilo nimeliandika kwa mkono wangu zaidi ya mara moja, na linaniuma mpaka leo.

Basi msimuulize mtu, "Umesikia?" Atajibu ndiyo. Mwambieni, "Baba, hebu nieleze utarudi lini." Simameni mbele yake, mwanga uwaangukie usoni, dirisha lisiwe mgongoni kwenu. Pasipo hatari ya maambukizi, shusheni barakoa aone midomo. Msipige kelele: kelele huipinda midomo, na huianika siri ya mgonjwa kwa wodi nzima. Semeni taratibu, "Jumatano, tarehe sita," onyesheni vidole, na kama anasoma mwandikieni.

Sikio lenyewe litazameni pia. Pengine ni nta tu iliyoziba, ya kulainishwa kwa matone kisha kuoshwa kwa maji yenye joto la mwili. Lakini sikio linalotoa usaha, au ambalo ngoma yake imetoboka, halipigwi maji. Wala la mtoto aliyejitia harage, maana harage likilowa linavimba. Na mtu ambaye sikio lake limezima ghafla, ndani ya siku moja au tatu, msimwambie arudi wiki ijayo. Apelekwe kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, kwa sababu tiba ikichelewa haifui dafu.

Sasa la sindano, ambalo hasa ndilo limenikalisha niandike. Yule mzee aliwahi kuchomwa streptomaisini kwa miezi miwili alipokuwa na kifua kikuu. Masikio yalianza kuvuma, na hakuna aliyemuuliza. Jentamaisini mnayoivuta kwenye bomba kila siku ni ya ukoo huohuo: inaweza kuua vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena. Hatari huzidi figo zikiwa dhaifu, au mgonjwa akipewa pamoja na furosemaidi, dawa ya kukojoza, ya mshipani. Pimeni uzito kabla ya dozi, hesabuni siku, angalieni mkojo, na kila asubuhi ulizeni: masikio yanavuma? Unapata kizunguzungu? Akijibu ndiyo, daktari aambiwe kabla ya sindano inayofuata. Kichanga hawezi kujibu, kwa hiyo kwake dozi ihakikiwe na watu wawili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto ungeweza kuzuilika, na dawa ni mojawapo ya sababu hizo.

Kiziwi anayetumia lugha ya alama msimwite bubu. Mtafutieni mkalimani, msimtwike mwanawe mdogo kazi ya kumtafsiria mama habari za ugonjwa wake. Mwenye kifaa cha kusikia aingie nacho mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na akizinduka kiwe kitu cha kwanza kurudishiwa.

Na kesho asubuhi mkipokezana zamu, kabla hamjaachana, ulizaneni: kitanda kipi hasikii, na ni sikio lipi?

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga