Pesa iliyolipwa kwa makosa: jinsi ya kuidai hapa Lubumbashi

Ndugu wateja, wengi wanaofika ofisini kwetu huamini kwamba pesa ikishaingia kwa mtu mwingine kwa makosa, limebaki la kumbembeleza tu. Sivyo. Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Kiraia ya Kongo, kilichotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamlazimu aliyepokea asichostahili, awe alijua au hakujua, kukirudisha.

Tuseme mwenye duka wa Katuba amelipia magunia ya unga kwa benki, kisha karani wake, bila kujua, akatuma kiasi kilekile kwa M-Pesa. Malipo ya pili hayana deni lolote, kwa hiyo yanarudishwa. Muuzaji anayenyamaza huku akijua kwamba amelipwa mara mbili atadaiwa pia riba tangu siku aliyopokea, jambo lisilompata aliyepokea kwa nia njema. Ndiyo maana tunasisitiza kumwandikia barua mara tu kosa linapogunduliwa, naye atie saini na tarehe kwenye nakala yako, ili asiweze kusema baadaye kwamba hakuwa na habari.

Hali ngumu zaidi ni ya mtu aliyelipa deni la mwingine akidhani ni lake. Ikiwa mdai, kwa kuamini kwamba amelipwa kihalali, ameshachana hati ya deni, huwezi tena kumdai yeye. Utamgeukia mdaiwa halisi. Inauma, lakini tunaona ni haki, kwa kuwa mdai huyo hana tena cha kumwonyesha hakimu.

Kujitajirisha bila sababu ya kisheria, yaani mtu kunufaika kwa hasara ya mwingine pasipo haki, ni dai jingine. Lilipata nguvu Ufaransa tarehe 15 Juni 1892, katika kesi ya Boudier, muuza mbolea ambaye mteja wake alikuwa mpangaji wa shamba: mpangaji alishindwa kulipa, mwenye shamba akachukua mazao yaliyostawishwa na mbolea hiyo, na mahakama ikamruhusu Boudier kumdai mwenye shamba huyo. Mahakama hulikubali dai hili pale tu ambapo hakuna njia nyingine, basi tusilitangulize.

Mzigo wa kuthibitisha ni wako. Usifute ujumbe wa simu wenye namba ya muamala. Uje nao pamoja na bodero ya benki, fakitura na daftari linaloonyesha kwamba deni lilikuwa limeisha. Wala usikawie: kwa madeni ya biashara, sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, zinazotumika nchini tangu Septemba 2012, zinatoa miaka 5 tu.