Lakabu za safu ziandikwe kando ya hesabu yake, si kichwani mwa mwonekano

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojifunza kubuni kanzidata, na zaidi na wale wanaowafundisha. Masomo mengi ya SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, huigusa lakabu ya safu, yaani jina jingine inalopewa safu, kwa sentensi moja tu: kwamba AS hubadilisha kichwa kinachotokea juu ya majibu. Kwa ulizo (query) la kupita, hilo linatosha. Kwa mwonekano halitoshi hata kidogo. Mwonekano (view) ni ulizo lililohifadhiwa kwa jina, na majina ya safu zake ndiyo yatakayoandikwa ndani ya programu, ndani ya ripoti, na ndani ya mionekano mingine itakayojengwa juu yake. Anayechagua lakabu hapo anawachagulia watu wengi ambao huenda hatawajua.

SQL inaruhusu majina hayo yatajwe mahali pawili. Unaweza kuyapanga yote kwenye mabano baada ya jina la mwonekano, au kuandika kila moja kwa AS kando ya safu au hesabu inayohusika. Vitabu huzieleza njia hizi kana kwamba ni suala la kupenda. Mimi nashikilia kwamba ya pili ndiyo ya kufundishwa kwanza, na sababu inaonekana hapa:

CREATE VIEW mizigo_safarini (mzigo_id, imetoka, imefika) AS
SELECT id, siku_kufika, siku_kutoka
FROM mizigo;

Majina ya kwenye mabano hugawiwa kwa nafasi: la kwanza kwa safu ya kwanza, la pili kwa ya pili. Mfumo hauangalii maana. Hapo juu siku ya kufika imepewa jina la kutoka, na ya kutoka jina la kufika, na kwa kuwa zote ni tarehe, amri inapita bila onyo lolote. Ripoti ya siku za safari itatoa namba hasi, na hiyo ni nafuu kwa sababu msomaji atashtuka. Bei ya kununulia na bei ya kuuzia zikibadilishana hivyo hivyo, hakuna atakayeshtuka mapema. Mwonekano wenye safu 30 una umbali mkubwa kati ya orodha ya juu na SELECT ya chini, na anayeongeza safu moja katikati ya SELECT miezi kadhaa baadaye ni rahisi kuliweka jina lake mwishoni mwa orodha. Idadi ya majina inalingana, majina yenyewe yamehama.

Ukiandika hivi, jina na chanzo chake vinakaa mstari mmoja:

CREATE VIEW mizigo_safarini AS
SELECT m.id AS mzigo_id,
       m.siku_kutoka AS imetoka,
       m.siku_kufika AS imefika,
       t.jina AS mtumaji,
       p.jina AS mpokeaji,
       m.uzito_gramu / 1000.0 AS uzito_kg
FROM mizigo m
JOIN watu t ON t.id = m.mtumaji_id
JOIN watu p ON p.id = m.mpokeaji_id;

Jedwali la watu limeunganishwa mara mbili, kwa hiyo safu ya jina inakuja mara mbili. Katika ulizo la kawaida mfumo utakuonyesha vichwa viwili vinavyofanana na kunyamaza. Katika mwonekano hautakubali: kati ya mifumo ya kanzidata, MySQL itatoa kosa namba 1060, Oracle itatoa ORA-00957. Wengi hukimbilia kuandika jina1 na jina2 ili kosa liondoke. Lakabu inapaswa kusema huyo mtu ana kazi gani kwenye mstari huo, yaani mtumaji au mpokeaji. Na hesabu iliyobadilisha kipimo ibebe kipimo chake kwenye jina, kama uzito_kg hapo juu, kwa kuwa mtumiaji wa mwonekano haoni ile 1000.0 iliyomo ndani.

Orodha ya mabano ina faida moja ambayo siwezi kuikana: majina yakizidi safu, mfumo unakataa (yakipungua, PostgreSQL inapokea). Na kuna mahali huwezi kuiepuka, kwa mfano CREATE RECURSIVE VIEW (mwonekano unaojirejelea wenyewe) ya PostgreSQL, ambayo hudai majina yatajwe juu. Hapo andika orodha, lakini weka AS zile zile chini pia, ili anayehariri aone kitu gani kinakwenda wapi.

Neno AS lenyewe si la lazima kwa safu, na hapo pana mtego mwingine. Tazama SELECT id, siku_kutoka siku_kufika FROM mizigo. Koma imesahauliwa baada ya siku_kutoka. Mfumo hauoni kosa: unasoma siku_kufika kuwa lakabu ya siku_kutoka. Unapata safu mbili badala ya tatu, na ile inayoitwa siku_kufika imejaa siku za kutoka. Dawa ni kutaja jedwali mbele ya kila safu. Ukiandika m.siku_kutoka m.siku_kufika bila koma, amri inakataliwa papo hapo, kwa sababu lakabu haiwezi kuwa na nukta katikati. Ukizoea kuandika AS kila mara, hata jicho la anayekagua linakamata haraka mstari usio nayo.

Usipoipa hesabu jina, kila mfumo una tabia yake. SQL Server inakataa kuunda mwonekano na kukuambia ni safu ya ngapi haina jina. Oracle inatoa ORA-00998. PostgreSQL inapokea: SUM (jumla) inaitwa sum, COUNT (idadi) inaitwa count, na hesabu isiyo na jina la kuazima inaitwa ?column?. Ukiwa na COUNT mbili inagoma, kwa kuwa jina limerudiwa. MySQL hutumia maandishi ya hesabu yenyewe kuwa jina, hivyo watumiaji wanalazimika kuandika `SUM(uzito_gramu)` ndani ya alama zile za nukuu kila wanapoisoma safu hiyo. Anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine akitegemea majina ya kupewa atayakuta yote yamebadilika.

Kosa ninalolichukia zaidi ni la kuipa hesabu lakabu yenye jina la safu iliyomo kwenye jedwali:

SELECT date_trunc('month', siku_kutoka) AS siku_kutoka,
       COUNT(*) AS idadi
FROM mizigo
GROUP BY siku_kutoka;

Mwandishi alitaka jumla ya kila mwezi. Katika PostgreSQL, jina likiwa la safu ya jedwali na la lakabu kwa wakati mmoja, GROUP BY, inayokusanya mistari, huchukua la jedwali, ilhali ORDER BY, inayoipanga, huchukua lakabu. Basi mistari inakusanywa kwa siku, kisha kila siku inaonyeshwa kama mwanzo wa mwezi, na Januari inaweza kujitokeza mara 31. MySQL nayo hufuata mpangilio huo huo. Lakabu ikiwa mwezi_kutoka, na GROUP BY ikitaja mwezi_kutoka, tatizo linaisha. SQL Server haikubali lakabu ndani ya GROUP BY, hivyo huko rudia hesabu nzima.

Mengine nayapitia kwa haraka. Mwonekano wa UNION, unaounganisha majibu ya SELECT kadhaa, huchukua majina ya SELECT ya kwanza, kwa hiyo lakabu za chini hazina kazi. Usiweke nafasi wala herufi kubwa ndani ya alama za nukuu: katika PostgreSQL na Oracle, "Uzito Kg" itadai nukuu hizo hizo milele. Na SELECT *, yaani safu zote bila kuzitaja, isiingie kwenye mwonekano. Katika SQL Server, jedwali likipunguzwa safu na kuongezwa nyingine, mwonekano wa namna hiyo unaweza kuonyesha data mpya chini ya jina la zamani hadi uendeshe sp_refreshview, amri ya kuusasisha mwonekano.

Jina likishatumika, kulibadilisha ni kazi. CREATE OR REPLACE VIEW ya PostgreSQL inakataa kubadili jina la safu iliyopo, na safu mpya inazipokea mwishoni tu. Tangu toleo la 13 kuna ALTER VIEW ... RENAME COLUMN, lakini programu zinazoita jina la zamani zitakatika hapo hapo. Utaratibu wenye usalama ni huu: ongeza safu ile ile mwishoni kwa lakabu mpya, acha ya zamani ibaki, hamisha wasomaji mmoja mmoja, kisha ndipo uiondoe ya zamani. Kuiondoa katika PostgreSQL kunahitaji DROP VIEW na kuunda upya, na DROP hufuta ruhusa zote zilizotolewa kwa GRANT, kwa hiyo zinakili kwanza.

Kabla ya kuukabidhi mwonekano kwa watumiaji, soma majina yake kama watakavyoyasoma wao, bila ulizo lenyewe kuwa mbele yako:

SELECT column_name, data_type
FROM information_schema.columns
WHERE table_name = 'mizigo_safarini'
ORDER BY ordinal_position;

Hii inafanya kazi katika PostgreSQL, MySQL na SQL Server. Kwa Oracle tumia USER_TAB_COLUMNS. Mpe mwenzako asiyeiona SELECT, aeleze kila safu ina nini na kwa kipimo gani. Safu atakayokisia vibaya, ibadilishe lakabu siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaitumia.

Wako,
Mbunifu wa kanzidata