Filamu ya Tár inawahusu wanakwaya kuliko mwalimu wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nijibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita kuhusu filamu ya Tár ya mwongozaji Mmarekani Todd Field, ambamo Cate Blanchett anaigiza kama Lydia Tár, mwanamuziki mashuhuri anayeongoza okestra kubwa ya Berlin. Mwandishi alimwita mama huyo "kondakta" tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na huku kwetu Mwanza, ambako kondakta ni kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala ya Igoma akiita abiria, jirani yangu mmoja aliniuliza kwa dhati kabisa kama filamu hiyo inahusu usafiri. Hilo ni dogo. Lililonisukuma kushika kalamu ni hitimisho lake kwamba hii ni hadithi ya mwanamke hodari aliyeangushwa na mitandao ya kijamii, na kwamba sisi tusio na okestra hatuna letu humo.

Nimefundisha kwaya za kanisa kando ya ziwa hili kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, na filamu hiyo nimeitazama mara mbili kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Mara ya pili umeme ulikatika ikiwa imebaki nusu saa, nikalazimika kuimalizia kesho yake. Ina dakika 158, na sehemu kubwa ni watu wanaozungumza wakiwa wameketi. Katika kibanda umiza, banda la mtaani la kuonyeshea video, haingemaliza robo saa, kwa kuwa mtafsiri angekosa cha kutafsiri: mambo mazito yote yanatendeka mahali ambapo kamera haipo.

Tuanze na hiyo mitandao. Ni kweli kwamba kipande cha video kinasambaa kikimwonyesha Tár akimdhalilisha mwanafunzi katika chuo cha muziki cha Juilliard, New York, na ni kweli kwamba kimekatwakatwa na kuungwa upya ili aonekane mbaya zaidi. Lakini darasa hilo sisi watazamaji tumekwisha kuliona lote, kwa takriban dakika kumi, bila kamera kukatwa hata mara moja. Tumemwona kijana yule akitikisa mguu kwa hofu, na tumemwona mwalimu akiushika mguu huo kwa mkono wake ili utulie. Field ametupa ushahidi kwamba video inasema uongo, kisha akatuacha na swali gumu zaidi, kwa sababu darasa lenyewe, bila kukatwa, lilikuwa baya vya kutosha. Zaidi ya hayo, video hiyo inapoanza kuzunguka, binti aitwaye Krista, aliyekuwa mwanafunzi wa Tár, amekwisha kujiua. Tár alikuwa amewaandikia viongozi wa okestra nyingine akiwaonya wasimpe kazi. Hakuna simu wala mtandao ulioandika barua pepe hizo, na hakuna mtandao uliompa amri msaidizi wake azifute.

Sehemu ambayo makala haikuigusa kabisa, na ambayo mimi niliirudia, ni ile ya usaili wa mpiga chelo, ala kama fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Wanamuziki wanapiga wakiwa nyuma ya pazia ili wasikilizaji wahukumu sauti tu, utaratibu ambao okestra nyingi za Marekani ziliupokea katika miaka ya 1970 na 1980, kwa sehemu ili wanawake wasikataliwe kwa kuonekana tu kuwa wanawake. Tár anaketi na karatasi yake ya alama. Mwombaji mmoja anapomaliza, Tár anaona viatu chini ya pazia na kuvitambua: ni vya binti Mrusi, Olga, aliyemwona muda mfupi kabla katika vyoo vya wanawake. Anachukua kalamu na kubadilisha alama. Baadaye anachagua koncheto ya chelo ya mtunzi Elgar, yaani muziki wa chelo moja ikisindikizwa na okestra, ipigwe pamoja na Simfoni ya Tano ya mtunzi Mahler, na badala ya kumpa solo kiongozi wa wapiga chelo, kama ilivyotarajiwa, anaitisha usaili ambao kila aliyemo chumbani anajua utaishia wapi.

Nilipoiona sehemu hiyo nilisimamisha filamu, nikatoka nje. Miaka mingi iliyopita, katika kigango ambacho sitakitaja, kamati ya liturujia iliamua kwamba mwimbaji wa solo wa mkesha wa Noeli apatikane kwa haki, hivyo wasichana waimbe wakiwa sakristia na mimi nikae kanisani nikiwa nimewapa mgongo. Walikuwa wawili waliobaki. Mmoja alikuwa binti wa mwenyekiti, ambaye nilikuwa nimemfundisha kwa miaka mitatu na ambaye nilimjua kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kufungua kinywa. Wa pili alitoka kwenye mwalo wa wavuvi, mama yake akianika dagaa, na alikuja mazoezini kwa miguu. Nilimpa wa kwanza tisa na wa pili saba. Aliyestahili tisa alikuwa wa pili. Nililijua hilo kalamu ikiwa bado mkononi. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa ameahidi kutununulia kinanda kipya, na alikinunua.

Simwandikii mhariri ili nijitwike dhambi ya Lydia Tár, maana zangu zilikuwa za kinanda. Ninachotaka kusema ni kuhusu wale wanakwaya 40 waliokuwa wakisubiri nje. Sauti ya kwanza, ya pili, teno na besi, wote walikuwa wamewasikia wale wasichana wawili kwa miezi, na wote walijua nani mwimbaji. Nilipotoka kutangaza jina, walipiga makofi. Katibu wa kwaya aliandika kwenye daftari kwamba uchaguzi ulifanyika kwa haki. Kwa wiki kadhaa kila aliyetaka kunung'unika alijibiwa kwa maneno mawili ambayo kila mwanakwaya wa nchi hii anayajua: "Mwalimu amesema." Yule wa mwaloni aliacha kuja Januari, wala hapakuwa na aliyetumwa kumuuliza sababu.

Hao ndio Field aliowatengenezea filamu. Mtazameni Sharon, mke wa Tár, ambaye ndiye kiongozi wa wapiga fidla: anaona kila kitu kutoka kiti chake cha mbele, hatua chache kutoka kwenye jukwaa la mwongozaji wa okestra, na mambo yanapoharibika kinachomuuma zaidi ni kwamba hakuambiwa mapema wala hakuombwa ushauri. Mtazameni Francesca, msaidizi, anayeagizwa kufuta barua pepe za Krista na asizifute zote, akizihifadhi kama mtu anayetunza akiba ya shida. Anaondoka tu baada ya kunyimwa cheo cha mwongozaji msaidizi wa okestra alichokitumainia, na hapo ndipo barua pepe zile zinapojitokeza. Mwandishi wa makala alimsifu Francesca kwa ujasiri. Mimi nimekaa na makatibu wa kwaya kwa muda mrefu mno kuweza kuungana naye. Angepewa cheo, zingebaki kwenye kompyuta yake hadi leo.

Katika jambo moja nakubaliana na wanaoilaumu filamu hii, walau nusu. Marin Alsop, mwanamke aliyeongoza okestra ya Baltimore kuanzia 2007 hadi 2021, alisema waziwazi kwamba ilimkera, kwa kuwa wanaume waliotuhumiwa katika kazi hiyo ni wengi, na bado mtenda maovu aliyetungwa akawa mwanamke. Ana haki ya kukereka. Okestra ya Berlin haikumpokea mpigaji wa kwanza mwanamke hadi 1982, na ile ya Vienna ilisubiri hadi 1997 ndipo ikakubali kuwa na wanachama wanawake. Hata hivyo, nadhani mhusika angekuwa mwanaume tungemhukumu katika dakika kumi za mwanzo na kwenda kulala, ilhali kwa Tár tunakaa mpaka mwisho tukimtafutia udhuru, hasa kwa vile Blanchett alijifunza kazi yenyewe na kuiongoza kweli okestra ya Dresden mbele ya kamera. Mikono yake haidanganyi. Nimeikagua kama mwalimu.

Na hilo la kwamba sisi hatuna okestra lisituhadae. Usukumani tuna manju, kiongozi wa ngoma, naye anaongoza kundi kubwa kuliko wapigaji wote wa Berlin. Aliyehudhuria Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, mwezi wa Juni, amewaona Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wakicheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na anayeshinda ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mtazamaji asiyependezwa hahitaji kuandika barua kwa bodi ya okestra. Anageuka na kuvuka uwanja. Nasi tusijisifu kupita kiasi, maana inajulikana wazi kwamba dawa za kuvutia watu nazo hutumika, na mcheza ngoma hana uhuru wa kuvuka uwanja kama alionao mtazamaji. Lakini katika kwaya zetu tuliutupa hata huo uwanja wa kuvuka. Tulichukua kutoka kwa wamisionari mtu mmoja anayesimama mbele akiwapa mgongo waumini, na tukasahau kuuliza nani atamtazama usoni.

Mwisho wa filamu, ambao makala iliuita "kutupwa jalalani", unampeleka Tár katika nchi moja ya Asia ya Kusini-Mashariki ambayo haitajwi jina. Akiwa huko anakwenda kutafuta mahali pa kukandwa mwili, na anaonyeshwa wasichana wamekaa safu kwa safu nyuma ya kioo, kila mmoja na namba yake, kwa mpangilio unaofanana mno na okestra, achague. Mwenye namba tano anainua macho kumtazama. Tár anakimbia nje na kutapika. Kwangu mimi hiyo ndiyo hukumu pekee iliyomo katika filamu, wala haikutolewa na bodi wala na mtandao.

Baada ya hapo anaongoza okestra ya vijana wa nchi hiyo katika muziki wa mchezo wa video, mbele ya watazamaji waliovaa kama wahusika wa mchezo. Mwandishi wako aliona aibu. Mimi, niishiye mahali ambapo wakubwa wa Berlin wangepaita mbali vilevile, niliona wapigaji walioketi wima, noti zao zimepangwa, wakimsikiliza mgeni anayewaeleza mtunzi alikusudia nini. Mwanzoni mwa filamu mama huyu alijigamba jukwaani kwamba mkono wake ndio unaoanzisha muda na kuusimamisha. Sasa anavaa vipokea sauti masikioni na mdundo anapewa na mashine. Wale vijana hawajui lolote la Krista, na hakuna hata mmoja anayemwogopa bado. Filamu inakatika hapo hapo.

Wako katika kuelimishana,

Mwalimu mstaafu wa kwaya,
Nyegezi, Mwanza.