Kwa vijana wa baraza letu la Mwembe Tayari: hao samaki wenu ni kina nani?

Wanangu,

Juzi mliniuliza swali, nikajisingizia kahawa imenipalia. Mtu anaishi kwa poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, kodi ya nyumba analipa, hamwibii mtu. Kosa lake nini? Sikutaka kujibu mbele za watu kwa sababu nami nilikula huko. Miaka kumi na moja niligawa karata kwenye kasino moja hapa Mombasa, na bakshishi za washindi ndizo zilizomsomesha dada yenu mkubwa.

Basi ya haramu na halali nawaachia masheikh. Mimi nina hesabu tu. Mnamhusudu sana yule mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyeshinda mashindano ya poka Las Vegas mwaka 2003 akatoka na dola milioni 2.5. Waliingia watu 839, kiti dola 10,000: jumla dola 8,390,000. Zilizogawiwa wachezaji ni 7,802,700, na waliopata chochote ni 63. Makesha yote yale hayakutoa hata kigoda kimoja. Pesa zilihama mifuko, na njiani zikapungua. Mezani kwangu ilikuwa vivyo hivyo: kabla mshindi hajavuta chake, nakata fungu la kasino, nakitumbukiza kwenye kisanduku chini ya meza.

Mtasema mcheza mpira naye hachongi kigoda. Kweli, ila anayekata tiketi anajua ananunua nini. Na akili ipo kwenye poka, sibishi. Mwanahisabati John von Neumann aliichungua ile hila ya kudanganya kwa uso mkavu, na nadharia yake ya michezo wanauchumi wanaitumia hadi leo. Lakini yeye aliandika, kila mtu akasoma. Nyinyi mkigundua jambo mnalificha, tena mna haki, maana likijulikana riziki imekatika.

Hapo ndipo panaponikera. Fundi cherehani humwombea mteja wake neema, ili Idi ijayo arudi na kitambaa kizuri zaidi. Nyinyi mnamwombea wenu asijifunze. Mnazunguka mkitafuta meza yenye wasiojua, na mmewapa jina kabisa: samaki.

Kulikuwa na mmoja akija kila mwisho wa wiki, mchuuzi wa samaki kwelikweli. Noti zake zilinuka, na usiku mmoja nikizihesabu, gamba likaninasa kidoleni. Meza nzima ilimpenda. Wakimwagizia soda, wakimcheka kwa upole. Alipoishiwa aliniaga kwa adabu, "Asante, kaka." Mshindi akanisukumia bakshishi. Nikaipokea.

Alhamisi njooni na lile daftari lenu la ushindi. Kila mstari, pembeni, mwandike pesa imetoka kwa nani na anafanya kazi gani. Kahawa na kashata juu yangu.

Mzee wenu