Kama namba ya gari inaonyesha faini, ionyeshe na kilomita

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna tunavyonunua magari yaliyotumika hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya ufundi hunikutanisha na wanunuzi wengi, na kwa bahati mbaya wengi wao hufika gereji wakati fedha zimekwisha kutoka mkononi na kilichobaki ni kuuliza kwa nini gari linatoa moshi.

Ukipita kwenye yadi zetu au ukisoma matangazo ya madalali, utakuta gari linatajwa kwanza kwa herufi ya namba yake ya usajili: namba C, namba D, namba E. Bei hupanda kwa herufi, na mnunuzi akipata namba E huamini kwamba amepata gari jipya kuliko mwenzake mwenye namba D, ilhali herufi hiyo inaeleza tu ni lini gari liliposajiliwa Tanzania. Toyota iliyoundwa mwaka 2004, ikatembea Japani miaka mingi ndipo ikapakiwa melini, itavaa namba ya juu kuliko gari la aina hiyohiyo lililoletwa mapema likiwa bado na nguvu zake, na sokoni itauzwa ghali zaidi ingawa imechoka zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo lililozidi umri wa miaka minane. Sisi tunaruhusu, ila tunalitoza ushuru mkubwa zaidi. Kwa hiyo maisha ya gari kabla ya kufika bandarini ni marefu kwetu kuliko kwa jirani zetu, na ndiyo sehemu ambayo mnunuzi wa hapa haioni kabisa.

Kinachobaki kumwongoza ni mita ya kilomita kwenye dashibodi, nayo haiaminiki. Katika magari ya leo idadi ya kilomita huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya kielektroniki, na mwenye kifaa cha kuifikia huiandika upya bila kuacha hata mkwaruzo. Mteja wangu mmoja alinichukua nikamtazamie Toyota IST iliyosomeka kilomita 78,000. Rangi iling'aa, viti vilikuwa na vitambaa vipya, na mpira wa pedali ya breki ulikuwa mpya kabisa, lakini ule wa pedali ya mafuta ulikuwa umelika hadi mistari yake imefutika. Nilipofungua mlango wa dereva nikakuta kwenye nguzo ya bodi ile stika ndogo ambayo gereji za Japani hubandika baada ya kubadilisha oili, imeandikwa kwa kalamu: mwaka 25, kilomita 112,400. Wajapani huhesabu miaka pia kwa enzi za wafalme wao. Mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei ukiuongezea 1988 unapata 2013. Maana yake ni kwamba gari hilo lilivuka kilomita laki moja na kumi na mbili elfu mwaka 2013, likaendelea kutembea Japani, likaja kutembea Dar es Salaam, na baada ya safari zote hizo likafikisha kilomita 78,000. Muuzaji alipoonyeshwa stika alisema huenda mlango ulitoka kwenye gari jingine. Stika haikuwa kwenye mlango, na hata ingekuwa huko, mlango wa gari jingine ungetulazimu kuuliza wa kwake ulivunjikia wapi.

Stika kama hiyo ni bahati. Isiyotegemea bahati ni hati ambayo Japani huitoa gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe nje, kwa kuwa huko gari binafsi hupitia ukaguzi wa lazima linapotimiza miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi huandikwa. Hati hiyo huja na gari na hupita mikononi mwa wakala wa forodha. Gari likishasajiliwa, mnunuzi wa pili na wa tatu huiona kadi ya usajili peke yake, yenye namba ya chasisi, namba ya injini, mwaka wa kuundwa na rangi, bila neno lolote kuhusu kilomita. Hati ya Japani hubaki kwenye faili la mtu, au hutupwa. Vivyo hivyo karatasi ya mnada ambako gari liliuzwa Japani, ambayo Wajapani huijaza kwa uaminifu wa kushangaza: ina mchoro wa gari lote, kila mkwaruzo na kila bonde vimewekewa alama, na gari lililowahi kupata ajali ya kugusa mifupa ya bodi hupewa daraja la R au RA badala ya tarakimu. Anayenunua gari ambalo ndiyo kwanza limeshuka bandarini aombe karatasi zote mbili na azilinganishe tarakimu kwa tarakimu. Akiambiwa zimepotea ilhali gari lina wiki moja nchini, ajue anaongea na nani.

Magari yetu mengi hayana zile namba za utambulisho zenye tarakimu na herufi 17 zinazotumika Marekani na Ulaya, hivyo tovuti za kigeni zinazouza historia ya gari kwa kutumia namba hizo hazitusaidii. Gari lililoundwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani hutambulishwa kwa herufi na tarakimu za modeli, kwa mfano NCP60 kwa aina mojawapo ya IST, zikifuatwa na namba ya mfululizo. Katika Toyota nyingi namba hiyo huchongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ifutwe vumbi kwa kitambaa, isomwe kwa tochi na kulinganishwa na kadi. Kuzunguka namba hiyo pasiwe na ulehemu, pati ya kujazia mabonde wala rangi iliyopuliziwa upya.

Kuhusu bodi nitasema machache ambayo hata asiye fundi anaweza kuyaona. Fungua boneti utazame boliti zinazoshika madigadi. Zikiwa zimebanduka rangi kwenye kona, kuna spana iliyopita hapo, na madigadi hayafunguliwi bila sababu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hushika kwenye bati na hukataa kushika palipojazwa pati. Inua zulia la buti uone kama sakafu yake imenyooka. Tazama tairi la akiba, ambalo mara nyingi ndilo lililokuja na gari toka kiwandani, kwa kuwa ubavuni kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa: 3506 ni wiki ya 35 ya mwaka 2006. Mikanda ya usalama nayo ina lebo, kwenye magari mengi karibu na sakafu, yenye tarehe ya kutengenezwa, na mkanda mmoja ukiwa mpya kuliko mingine huenda ulibadilishwa baada ya ajali.

Maji yanastahili aya yake, kwa sababu ya mji wetu. Kila masika makali yakipita, magari yaliyolala kwenye maji ya bonde la Msimbazi na maeneo mengine ya mabondeni huoshwa, hukaushwa, hupuliziwa manukato na kuingizwa sokoni, ambako huwaka vizuri kwa miezi kadhaa hadi soketi za nyaya zinapoanza kuota kutu ya kijani na taa za dashibodi kuwaka ovyo. Gari la namna hiyo hulijui kwa kulitazama usoni. Vuta mkanda wa usalama hadi mwisho wake uone kama sehemu isiyovutwa kila siku ina mstari wa tope; sogeza kiti cha dereva mbele kabisa utazame reli na boliti zake; ingiza mkono chini ya zulia karibu na miguu ya abiria. Manukato makali ndani ya gari lililofungwa vioo, mimi huyahesabu kuwa ni sababu ya kutafuta zaidi.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Ukifika ukaliona gari limekwisha kuwashwa na boneti ni ya moto, ahirisha urudi kesho yake bila kutoa taarifa ya saa. Moshi wa bluu asubuhi ni oili inayoungua, moshi mweupe usiokoma ni maji yanayoingia yasikotakiwa, na mfuniko wa oili wenye utando kama maziwa unaeleza jambo hilohilo. Kisha zungusha ufunguo bila kuwasha injini na usubiri taa ile ambayo madereva huiita cheki injini: ni lazima iwake kwanza, halafu izimike injini inapoanza kufanya kazi. Taa isiyowaka kabisa imeng'olewa au imeunganishwa na nyingine, na huo ni ufundi niliouona mara nyingi kuliko ningependa. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari atatoza fedha kidogo sana ukilinganisha na gharama ya gia boksi.

Upande wa umiliki, mtego wa kawaida ni gari linalouzwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye kadi. Utaelezwa kwamba alilinunua kwa mwingine ambaye naye hakuwahi kuhamisha umiliki, au kwamba mwenye jina ni marehemu na ndugu wamekubaliana. Ndugu kukubaliana hakumfanyi yeyote kuwa msimamizi wa mirathi, na bila barua ya mahakama mnunuzi atakuwa na gari asiloweza kulihamishia jina lake. Kadi iliyotolewa badala ya iliyopotea nayo iulizwe sababu, kwa kuwa gari likiwa rehani, kadi halisi hukaa kwa mkopeshaji.

Nimeeleza haya kwa urefu ili wahusika waone ni kazi kiasi gani raia anaachiwa aifanye kwa kitambaa, tochi na sumaku, wakati taarifa iliyo muhimu kuliko zote ilikwisha kuingia nchini kwa maandishi. Leo nikiwa na namba ya gari peke yake naweza kuangalia faini zake za barabarani kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi, madeni yake ya maegesho kwenye mfumo wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na uhai wa bima yake kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, yote kwa simu, nikiwa nimesimama mbele ya gari. Mifumo hiyo ipo kwa sababu serikali ilitaka kukusanya fedha zake na kuzuia bima za kughushi, na imefanikiwa kumfanya kila mnunuzi makini aiangalie kabla ya kulipa. Hakuna ugumu wa kiufundi unaozuia Mamlaka ya Mapato kuingiza kwenye usajili wa mara ya kwanza kilomita zilizoandikwa kwenye hati ya Japani, pamoja na zilizosomeka gari lilipokaguliwa kwa viwango vya TBS, shirika letu la viwango, na kuziweka mahali ambapo mwenye namba ya gari anaweza kuzisoma.

Usajili wa kwanza pekee hautoshi, kwani gari litaendelea kutembea. Tangu ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017, mwenye gari hana tena siku ya kukutana na Mamlaka ya Mapato kila mwaka, lakini bima bado inamdai. Wakala anayeandika bima aandike na kilomita, na picha ya mita iambatanishwe. Uingereza hufanya jambo la aina hiyo kupitia ukaguzi wa kila mwaka wa magari yaliyotimiza miaka mitatu: kilomita, au kwao maili, zilizosomwa kila ukaguzi huwekwa wazi bila malipo kwa yeyote mwenye namba ya gari.

Nimesikia hoja kwamba wajanja watarudisha mita siku moja kabla ya kwenda kwa wakala wa bima. Wataweza, ila idadi ya mwaka huu haiwezi kuwa ndogo kuliko ya mwaka jana bila kujitangaza yenyewe, na anayetaka kudanganya itambidi aanze mwaka wa kwanza na arudie kila mwaka, jambo ambalo mwenye gari wa kawaida, asiyejua atauza lini, hana sababu ya kulifanya. Udanganyifu wa sasa unafanyika mara moja, wiki ya kuuza, na huo ndio utakaokosa nafasi. Hoja ya faragha siielewi vizuri, maana hakuna anayeomba jina wala anwani ya mtu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imekwisha kukataza wafanyabiashara kumpotosha mlaji, na mwenye yadi anayerudisha mita anaivunja. Kinachokosekana ni ushahidi, kwa sababu mikataba mingi ya mauziano ninayoonyeshwa na wateja inataja aina ya gari, rangi, bei na maneno kwamba mnunuzi amelikagua na kuridhika, basi. Mawakili wanaogonga mihuri kwenye mikataba hiyo hawahitaji kusubiri mfumo wowote ili waongeze mstari unaotaja kilomita zilizosomeka siku ya mauziano, na tamko la muuzaji, chini ya sahihi yake, kwamba kwa ufahamu wake mita haijachezewa na gari halijapata ajali kubwa wala kuzama majini isipokuwa kama ilivyoelezwa.

Fundi wa magari,
Tabata, Dar es Salaam